Kibongo Kisichopata Moto

Mume wangu aliniuliza jina langu asubuhi ya Jumanne, nikiwa nimemshikia kikombe cha uji, na kabla sijamjibu akauliza kama yule ng'ombe mwekundu wa Bupe ameshazaa.

"Amezaa jana," nikasema. "Ndama dume."

"Nilijua. Bupe alisema zimebaki siku mbili." Akameza uji, akanitazama kwa adabu, kama msafiri anavyomtazama mama ntilie. "Na wewe mama, unaitwa nani?"

"Tusekile."

"Jina zuri. Hata kwetu lipo."

Nikamfuta kidevu, nikaenda kuosha kikombe. Nilikiosha muda mrefu kuliko uchafu wake.

Tumeoana miaka arobaini na mmoja. Nimemzalia watoto watano, wawili tumewazika pamoja. Huyo Bupe aliyemkumbuka ni mkamwana wetu, mke wa Gwakisa, kitinda mimba wangu, ameolewa juzi tu, mwaka wa tatu huu. Na mume wangu, mzee Ambilikile, hajawahi kuuona uso wa Bupe hata siku moja.

Kwetu Rungwe mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawajagombana, ni heshima. Bupe akikutana na mzee njiani anaingia migombani na kujifunika kanga mpaka apite. Akija uani, mzee anageukia ukuta na kufumba macho. Zamani hata sauti haikupita. Sisi tumelegeza kidogo: sauti inapita, sura haipiti.

Basi mtu ambaye hajamwona ndiye anayemjua, na mimi ninayemvalisha soksi ananiuliza jina.

Kiharusi kilimwangusha miaka minne iliyopita, katikati ya mistari ya chai. Hospitali walisema macho yake ni mazima, ila kichwa hakijui tena yanachokiona, na ile ghala ya kuwekea mambo mapya nayo imekufa. Wakasema apewe kibongo. Siku hizi kibongo si kitu cha kushangaza. Ukikaa nyuma kanisani utaona visogo vya wazee safu nzima, kila kimoja na taa yake ya kijani. Ni kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni kilichobaki bafuni, kinakaa nyuma ya sikio, na nyuzi zake nyembamba kuliko unywele zinaingia ndani ya fuvu. Kinaona kwa niaba ya mtu na kukumbuka kwa niaba yake. Usiku nachomeka waya wa chaji hapo hapo kisogoni, kinazima, naye analala kama gogo, bila neno, mpaka niuchomoe asubuhi.

Ukoo uliuza ng'ombe watatu kwa ajili yake. Gwakisa ndiye aliyekwenda Mbeya kukichukua akamleta na fundi wa kukifunga. Alipofika alisema mbele ya baba zake wadogo wote, "Nimeleta kile cha mezani. Hakuna kinachokizidi." Watu wakasema ndaga, ndaga, asante mtoto. Mimi sikujua cha mezani maana yake nini. Nilishika lile tu aliloniambia daktari: kitapata moto, mama, usimvalishe mzee kofia ya sufu. Nikaficha kofia. Tukuyu na baridi yake, nikaungoja moto wa kibongo siku ya kwanza, ya pili, wiki. Haukuja. Gwakisa akacheka. "Mama, hiki ni cha kisasa. Mrudishie mzee kofia yake."

Nikamrudishia.

*

Bupe ana kibanda stendi, anatengeneza mashine za gemu na kompyuta, na mikono yake inanuka risasi ya kuchomea nyaya. Kila alasiri akitoka kazini alipita kwetu. Yeye aliketi jikoni, mzee sebuleni, kati yao ukuta wa mianzi. Mzee akisikia viatu vyake alikigeuza kiti kuelekea ukutani, akafumba macho. Halafu Bupe anaanza habari: nani kafa, nani kaposa, barabara ya Kiwira imekatika wapi. Na mzee hakuwa anaitikia tu. Alibisha.

"Wewe mkamwana, wiki iliyopita ulisema Mwaijande ameuza shamba. Leo unasema anavuna. Anavuna la nani?"

"Baba, nilisema anataka kuuza."

"Ulisema ameuza. Ulikuwa unakohoa siku hiyo."

Bupe alicheka na kiganja mdomoni. "Kweli, baba. Nilikuwa na mafua."

Mimi nilikuwa hapo katikati na chai mkononi. Sitaficha: nilimwonea wivu. Mwanamke wa miaka sitini na tatu, nimemwonea wivu mtoto niliyekwenda mwenyewe kumposea mwanangu. Nilikuwa nikiwahesabia maneno, nikasema moyoni, huyu mzee kumbe anaweza, ila mimi ndiye hanitaki.

Wifi yangu Sekela alinitania kanisani. "Nasikia kaka amesahau dunia nzima isipokuwa mkwe wake. Nenda nawe ukajifiche nyuma ya ukuta, labda utakumbukwa."

Tukacheka sote. Nyumbani sikucheka. Lile neno la kujificha nyuma ya ukuta lilikaa nami kama mchanga kwenye mboga.

Niliacha shule darasa la nne nikalee wadogo zangu. Lakini nimepika miaka hamsini, na mpishi anajua kungoja na kutazama. Nikaanza kutazama. Wakati wa sala ya chakula mzee hufumba macho, na katika sala alisema, "Na umbariki Tusekile, mke wangu, umtunze miguu yake." Nilikuwa nikidhani ni mazoea ya ulimi. Safari hii nilifumbua macho yangu nikamwangalia. Alisema amina, akafumbua ya kwake, akaona sahani, kitambaa cha maua, dirisha, mimi. Akasema, "Karibu chakula, mama. Umetoka mbali?"

Siku za gulio, akiketi barazani na watu wanapita na mizigo na nguo za kila rangi, alikuwa mbaya kabisa. Hakujua hata choo kilipo. Jumamosi, Gwakisa alipokuja na kuwasha mpira kwenye ile skrini kubwa aliyotuletea, mzee alikuwa akitazama mdomo wazi, akiitikia lolote analoambiwa.

Na siku moja ukungu ulishuka. Kwetu ukungu ukishuka huoni mgomba ulio hatua tatu. Mzee alikuwa mlangoni akitazama weupe mtupu. Akasema bila kugeuka, "Tusekile, ingiza kuni, zitalowa."

Nilisimama na kuni kifuani. Sikuthubutu kusogea. Akaendelea, "Na yule jogoo wa Sekela amerudi kwetu tena, nimemsikia." Kisha upepo ukapita, ukungu ukachanika, ikatokea migomba, likatokea paa la jirani, likatokea gari jekundu barabarani. Akageuka. Akaniona.

"Shikamoo mama," akasema. "Tukusaidie nini?"

*

Nilimngoja Bupe jikoni. Nilikuwa nimeweka ndizi za kumenya, na visu viwili.

"Bupe," nikasema, "kibongo kinaweza kukumbuka mtu akifumba macho, na kusahau akifumbua?"

Akamenya ndizi nzima kabla ya kujibu. "Cha baba hakiwezi kufanya hivyo. Cha baba ni cha mezani."

"Miaka minne nalisikia neno hilo. Nieleze kama unavyomweleza mteja asiyejua."

Akavuta vyungu vyangu viwili vya pembeni akaviweka mbele yangu. "Haya. Ndani ya kibongo kuna prosesa. Ndiyo mpishi. Prosesa nyingine zilitengenezwa kwa kompyuta za mezani, nyingine kwa mashine za gemu, halafu wakaja watu wakazipunguza zikatosha nyuma ya sikio. Ya mezani inapikia vyungu viwili. Hiki cha picha, anachoona mtu. Hiki cha mengine, majina, maneno, ya jana na ya juzi. Kila chungu na jiko lake. Picha zikifurika, zinafurika kwao."

"Na ya gemu?"

Akaondoa kimoja. "Chungu kimoja, kikubwa. Picha na mengine yote humo humo. Usidhani ni ujinga, mama. Mpishi hapotezi muda kuhamisha chakula kutoka huku kwenda kule, ndiyo maana mashine ya gemu ni ndogo, haina kelele, haili umeme, na picha yake inatiririka kama maji. Ya mezani inayoweza kufanya picha za namna ile ni kubwa, na inaunguruma."

"Basi ya gemu ni bora."

"Kwa gemu, ndiyo. Lakini ilivyofundwa, picha ndiyo mwenye nyumba. Picha ikitaka nafasi, mengine yanamwagwa. Mchezaji hajali. Nani atakumbuka jina la askari aliyempita nusu saa iliyopita?" Akachukua kisu tena. "Halafu ya mezani unaifungua. Ukitaka chungu kikubwa unaongeza. Ukitaka kuhamishia vitu kwenye prosesa nyingine, unahamisha. Ya gemu imefungwa na kiwanda, inamtii kiwanda tu. Mimi nabadilisha feni, nabadilisha soketi, ila kilichomo ndani ya prosesa sikigusi. Ikitolewa, inatoka na vyote."

Nikamweleza sala. Nikamweleza ukungu. Nikamweleza yeye mwenyewe na ukuta wa mianzi, na mzee anavyofumba macho akimsikia. Bupe hakuwa ananiangalia tena, alikuwa anaangalia kile chungu kimoja.

"Mama, baba akivaa ile kofia ya sufu, kibongo kinalia?"

"Kilie kwa nini?"

"Kwa joto. Prosesa ya mezani inapata moto. Ukiifunika inapiga kengele."

"Bupe, mzee amevaa kofia miaka minne."

Kisu kikasimama.

"Nenda ukapapase," akasema polepole. "Mimi siruhusiwi kumtazama. Nenda wewe, uniambie kama kina skrubu, na kama chini kina alama."

Mzee alikuwa anasinzia kwenye kiti. Nikaingiza vidole chini ya kofia. Kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Laini kote, hakuna skrubu hata moja. Chini, karibu na tundu la sikio, kulikuwa na kitu kimechongwa. Nikainama nikakitazama vizuri, nikarudi jikoni, nikakichora kwa kidole kwenye majivu: jani lililopasuka katikati.

Bupe aliinama juu ya lile jani.

"Mashine za alama hiyo nazifungua kila siku stendi," akasema. "Baba amefungwa cha gemu."

Nilidhani atalia, hakulia. Alifunika majivu kwa kiganja, kama mtu anayefunika macho ya maiti. "Katika ukoo mzima, mama, ni mtu mmoja angeijua alama ile kwa kuitupia jicho mara moja. Na ndiye mtu mmoja ambaye hawezi kumtazama baba kisogo."

Hapo nikaelewa. Gwakisa alijua tangu alipomposa kwamba mkewe hatainua kanga. Heshima yetu aliifanya shimo la kufichia.

*

Ng'ombe watatu walinunua cha mezani, nasi tulikwenda kukitafuta. Nyumba ya Gwakisa iko ng'ambo ya migomba yetu. Bupe alinipitisha moja kwa moja hadi chumba cha kazi. Juu ya meza kulikuwa na lile boksi jeusi ninalolijua, linaunguruma kama nyuki ndani ya mzinga, na paka wao amelala juu yake, amejinyoosha kwa raha. Nikamsogeza paka. Nikaweka mkono.

Lilikuwa na moto.

Kazi ya Gwakisa ni mvua. Boksi lile linapiga hesabu za mawingu na kuwatumia wakulima wa chai kwenye simu zao, chuma leo, usichume kesho. Kata nzima inamsikiliza. Mimi mwenyewe naanika mahindi kwa hesabu zake, na nilikuwa najivuna nikiulizwa ni mtoto wa nani.

Bupe akachukua bisibisi. Aliuondoa ubavu wa boksi kama anavyoondoa ganda la ndizi, akamulika kwa simu. "Nimekuwa nikifuta vumbi la boksi hili miaka mitatu," akasema. "Sijawahi kulifungua. Aliniambia kuna hesabu ndani zisiguswe." Akanisogezea mwanga. Chini ya feni, kwenye kibao cha chuma kilichobeba prosesa, kulikuwa na karatasi ya hospitali, ndogo kama kucha. Herufi nazijua, nasoma polepole tu. Nikasoma: AMBILIKILE.

"Bupe, usiguse hapo, utaharibu hesabu."

Gwakisa alikuwa mlangoni na matope kwenye viatu. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. La pili ndipo akasema, "Mama."

"Nisomee hapa," nikamwambia. "Mimi nasoma vibaya."

"Mama, keti kwanza."

"Nimekaa miaka minne."

Akavua kofia akaishika mkononi. Mtoto wangu ni mrefu, hana sauti kubwa, hajawahi kunitukana. Angekuwa mlevi ningejua pa kumshika.

"Baba alihitaji kula, kulala, kujua mlango uko wapi," akasema. "Cha gemu kinatosha kwa hayo. Wengine wamefungwa hivyo hivyo na wanaishi. Hiki kingekaa kichwani mwa mzee asiyetoka uani, nguvu zote zile, bure. Nilikuwa na hesabu za mvua na sina mashine ya kuzibeba. Nilisema ni msimu mmoja tu. Halafu watu wakaanza kutegemea. Mwaka ule wa mvua ya mawe, mama, nani aliokoa chai ya kata hii?"

"Umesema baba alihitaji kula na kulala. Mimi nilihitaji nini?"

Akamtazama mkewe, kana kwamba jibu analo yeye.

"Nirudishie kichwa cha mume wangu," nikasema. "Leo."

Ni Bupe aliyenijibu, si yeye. "Mama, kurudisha kunawezekana. Lakini kile cha gemu hakitoi kilichomo. Tukikiondoa kabisa, baba ataamka siku ile ya kiharusi, kwenye chai. Miaka minne yote itabaki humo, imefungwa." Akaweka bisibisi chini. "Mimi hatanijua. Hata sauti."

Kumbe hata kurudisha ilikuwa ni kuchukua tena. Nikaketi, sasa, bila kuambiwa.

Gwakisa akadhani nimelainika. Akapiga magoti karibu yangu, akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza: "Sikumficha baba, mama. Nataka ulijue hilo. Nilimwambia kila kitu. Nilimwomba radhi, akanisamehe."

"Lini?"

"Mara nyingi."

"Nakuuliza lini."

"Jumamosi. Tukitazama mpira."

Bupe akatoa sauti ndogo, kama fundi aliyejichoma kwa risasi ya kuchomea.

Nikaziona zile Jumamosi zote. Gwakisa kashika goti la baba yake, anamnong'oneza sikioni, na mzee macho kwenye skrini, kwenye yale majani ya kijani na jezi nyekundu zinazokimbia, anaitikia, ndiyo mwanangu, haina neno mwanangu. Na mimi nikiwatazama kutoka jikoni nikasema, huyu mtoto anampenda baba yake. Nikawaletea chai. Nikamwongezea yeye sukari.

*

Gwakisa alinifuata migombani.

"Mama, usimwambie."

Nikaendelea kutembea.

"Mama, akisikia macho yamefumba hatasahau. Unaelewa? Litakaa. Ataamka nalo kila siku mpaka afe. Niadhibu mimi, waite baba wadogo, nitatoa ng'ombe. Lakini mzee mwache na amani yake. Kumwambia ni kumuua."

Na jambo baya ni kwamba alisema kweli. Nilipunguza mwendo kwa sababu hiyo. Mume wangu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume aliye hai, na alimpenda. Kwa neno langu moja angempoteza, na angempoteza kila asubuhi. Ningeweza kunyamaza. Nimenyamaza mengi katika ndoa na katika ukoo, na nyumba zikasimama. Ningeweza kumfumba macho kila alasiri, tukaongea kama zamani, nikafurahi na wangu, na akiuliza kwa nini kichwa chake kiko hivi ningesema ni ugonjwa, baba. Ni mapenzi ya Mungu.

Lakini hapo ningekuwa mtu wa pili kumdanganya. Wa kwanza alingoja macho yafumbuke. Mimi ningengoja yafumbe. Tofauti yetu ingekuwa hiyo tu.

Mzee alikuwa ameamka, kaketi barazani anatazama kuku. Nilivua kanga ya begani nikaikunja mara tatu.

"Karibu, mama," akasema. "Unatafuta mtu?"

"Ndiyo. Nitakufunga kitambaa machoni kidogo. Usiogope."

"Siogopi. Una mikono mizuri."

Nikafunga. Nikakaza fundo juu ya kofia, nikaketi kwenye kigoda mbele yake, nikangoja kama ninavyongoja maji yatulie tope lishuke. Kuku wakaparua. Upande wa jikoni nikasikia Bupe ameingia, ameketi mahali pake nyuma ya mianzi. Gwakisa alisimama mlangoni, akatikisa kichwa, usiseme.

Mzee akainua mkono, akaupeleka hewani kunitafuta.

"Tusekile," akasema.

"Ee, baba."

"Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, si hilo. "Nilikuwa hapa."

"Hapana. Hapa kulikuwa na mama mmoja ananilisha uji. Mtu mwema. Nilikuwa namuuliza habari zako, naye hasemi." Akaupata mkono wangu. Akapapasa kidole gumba, akafika kwenye lile kovu la panga la mwaka tuliojenga, akatulia hapo. "Ni wewe. Basi yule ni wewe."

"Ni mimi."

Kidole chake kilibaki kwenye kovu. Alikuwa mtu wa akili, mume wangu, kabla ya kuwa mtu wa kuulizwa kama ameshiba.

"Kuna kitu kibaya kichwani mwangu," akasema. "Lakini Gwakisa alisema ni cha mezani. Mbele ya ukoo alisema. Sivyo?"

Nikamtazama mwanangu. Machozi yalikuwa yanamtoka, na nilimzaa mimi, na ziwa langu lilimkumbuka.

"Gwakisa yuko hapo mlangoni," nikasema. "Atakwambia mwenyewe. Mimi nitashika kitambaa kisifunguke."

Alianza na mvua, mzee akamkatiza, "Mvua naijua, anza na mimi." Akaanza upya. Alisema Mbeya, akasema visanduku viwili, akasema jani lililopasuka. Alipofika kwenye Jumamosi alitaka kuruka, nikamwambia, "Na Jumamosi." Akazisema. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, mikono yote miwili kwenye fundo, na sikuhisi kichwa cha mume wangu kikitikisika hata mara moja.

Gwakisa akamaliza kama anavyomaliza mtoto. "Nisamehe, baba."

"Haya yote ulishaniambia?"

"Ndiyo, baba."

"Mara ngapi?"

"Sikumbuki."

"Hukumbuki," mzee akarudia, bila dhihaka. "Na nilikujibu nini?"

"Ulinisamehe, baba. Kila mara."

Mzee akafikiri. Tulisikia jogoo wa Sekela, yuko kwetu tena.

"Basi mwanangu," akasema, "yule aliyekusamehe alikuwa anatazama mpira. Mtafute, umshukuru. Mimi ndiyo kwanza nasikia."



"Mkamwana," mzee akaita kuelekea ukutani.

"Bee, baba."

"Ulijua?"

"Leo, baba. Ningekutazama mara moja tu ningejua."

"Usingeweza," akasema. "Ulilelewa vizuri." Kisha akauliza, "Yule ndama ananyonya?"

"Ananyonya, baba."

Mikono yangu ilikuwa imechoka. Nikalegeza fundo kidogo, naye akauzuia mkono wangu haraka.

"Usifungue."

"Giza litakuchosha, baba Gwakisa."

"Niliona miaka minne. Nilikuona wewe kila siku, na sikukuona." Akavuta kiti chake karibu na benchi la barazani. "Lile la kubadilisha kichwa tutaliongea, wewe na mimi na mkamwana, taratibu. Leo keti."

Nikaketi. Nikapeleka kiganja nyuma ya sikio lake, chini ya kofia. Kilikuwa baridi vilevile.

Gwakisa alikuwa bado amesimama mlangoni. Nyumbani kwetu hata mgeni asiyejulikana huvutiwa kigoda kabla hajaulizwa jina. Kigoda kilikuwa pale, hatua moja toka mguu wangu, na hakuna mtu aliyekivuta.